Ndoto nzito kila usiku: je, ndizo zinazonichosha?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, mkazi wa Tanga, nina miaka 36. Tangu mwaka huu uanze naota kila usiku, tena si ndoto za kupita. Zina rangi, sauti hadi harufu, na ni ndefu kama tamthilia. Mara nyingi naota mume wangu ameoa mke wa pili. Naamka nalia, na hasira hazinitoki mpaka mchana ilhali yeye maskini hajafanya lolote. Mara mbili nimezinduka alfajiri siwezi kunyanyua hata kidole, nahisi kuna kitu kimenikalia kifuani. Nalala saa tano usiku, naamshwa mara kadhaa na mtoto wa miaka miwili, saa kumi na moja naswali, kisha narudi kitandani hadi saa kumi na mbili na robo. Dawa ninayotumia ni propranolol ya kuzuia kipandauso, nilianzishiwa Desemba, naimeza usiku. Naamka nimechoka kana kwamba sikulala. Mama mkwe anasema nikasomewe. Je, ndoto hizi ndizo zinazonichosha? Na je, huu ni ugonjwa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole sana, na ahsante kwa kunitajia saa zako za kulala na kuamka pamoja na jina la dawa. Wengi huniandikia ndoto tu, na ndoto peke yake haimwambii daktari mengi.

Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo linalobeba mengine. Ndoto hazikuchoshi. Kinachokuchosha ni usingizi mfupi unaokatikakatika, na kukatika huko ndiko kunakokufanya uzikumbuke ndoto ambazo kwa kawaida zingepita bila wewe kujua. Kwa hiyo tukihangaika na ndoto yenyewe, maana yake nini na imetumwa na nani, tutaacha kuuliza swali lenye faida zaidi: ni nini kinachokuamsha?

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko. Kila mzunguko huchukua takriban dakika 90, na kwa usiku mmoja mtu hupitia minne hadi sita. Mwanzo wa usiku hutawaliwa na usingizi mzito, ule ambao ukiitwa jina husikii. Kuelekea mwisho wa kila mzunguko huja hatua ambayo macho hucheza huku na huko chini ya kope, pumzi na mapigo ya moyo hubadilikabadilika, na ubongo hufanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho. Hatua hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na inajulikana kwa kifupi kama REM. Ndoto huja katika hatua nyingine pia, ila zile ndefu zenye visa, watu na hisia kali nyingi hutoka humo. Kwa mtu mzima REM huchukua asilimia 20 hadi 25 ya usingizi wa usiku, lakini haigawanyiki sawasawa. Ya kwanza inaweza kuwa ya dakika chache tu. Kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo inavyorefuka, hadi nusu saa na zaidi.

Maana yake ni kwamba karibu kila mtu huota kila usiku, hata yule anayeapa kwamba haoti. Tofauti iko kwenye kukumbuka. Wakati wa REM ubongo karibu unaacha kabisa kutoa noradrenalini, kemikali inayosaidia kumbukumbu kushika, na ndiyo sababu ndoto isiyokatizwa huyeyuka. Ukizinduka katikati yake, ubongo unaanza tena kuhifadhi na ile ndoto inahifadhiwa pamoja na machozi yake. Huko Lyon, Ufaransa, timu ya mtafiti Perrine Ruby ililinganisha watu wanaokumbuka ndoto karibu kila siku na wale wanaokumbuka mara chache kwa mwezi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wanaokumbuka sana hukaa macho katikati ya usiku kwa muda unaokaribia mara mbili ya wenzao. Wengi wao ni watu wazima wa afya. Ubongo wao huzinduka kirahisi tu. Wewe una mtoto wa kukuzindua.

Sasa tuzihesabu saa zako. Saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa sita kamili, na humo ndani unaamka kwa ajili ya mtoto. Baada ya swala unaongeza kama dakika 45 za usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Upungufu huo, ukirudiwa kila usiku tangu Januari, unatosha wenyewe kueleza uchovu wako, hata kama usingeota ndoto hata moja.

Kuna jambo jingine kuhusu hizo dakika 45. Joto la mwili hufika chini kabisa saa chache kabla ya mtu kuamka, na muda mfupi baada ya hapo ndipo mwelekeo wa kuingia REM unakuwa mkubwa kuliko wakati wowote. Mtu anayeamka saa kumi na moja, akatawadha, akaswali, kisha akarudi kitandani, mara nyingi hupita upesi sana hadi kwenye usingizi wa ndoto, tofauti na alivyofanya usiku. Anaota kwa nguvu, halafu kengele ya simu inalia katikati ya ndoto. Ukichunguza, nadhani utakuta zile za kulia nyingi hutokea kipindi hicho. Waislamu wengi wanaielewa hali hii kutokana na mwezi wa Ramadhani, wanapolala tena baada ya daku.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Kuamka kwa swala ya alfajiri hakuharibu usingizi. Mwaka 2012 Profesa Ahmed BaHammam na wenzake wa Riyadh, Saudi Arabia, waliwapima watu waliolala mfululizo na waliolala wakakatiza kwa ajili ya alfajiri kisha wakarudi kulala. Jumla ya saa ilipokuwa sawa, hawakuona tofauti ya maana katika muundo wa usingizi wala katika kusinzia mchana. Tatizo lako ni jumla ya saa. Ibada haina kosa.

Kuhusu kuzinduka huwezi kusogea, hilo ndilo jinamizi, na nataka nikutoe hofu. Wakati wa REM ubongo hulegeza karibu misuli yote ya mwili isipokuwa msuli mkuu wa kupumua, ulio chini ya mapafu, na ile ya macho, ili tusitende yale tunayoyaota. Mara chache akili huzinduka kabla kizuizi hicho hakijaondoka. Unaona chumba chako, unasikia, lakini mwili haukutii, na ndoto bado haijaisha kabisa, hivyo mtu huona kivuli au huhisi mzigo kifuani. Pumzi huwa fupi kwa sababu misuli ya kifua inayosaidia kuvuta hewa nyingi nayo imelegea, lakini hewa inaingia. Hali huisha yenyewe baada ya sekunde kadhaa, au dakika moja mbili. Watafiti wa Japani, akiwemo Tomoka Takeuchi, waliweza mwaka 1992 kulisababisha maabara: waliwaamsha wanafunzi katikati ya usingizi, wakawaweka macho kwa muda, kisha wakawaruhusu kulala tena. Baadhi yao waliingia moja kwa moja kwenye REM, na wachache wakapatwa na jinamizi. Angalia jinsi ratiba yako ya alfajiri inavyofanana na jaribio hilo.

Huko pwani tunakoishi jambo hili lina historia nzito. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipoenea Unguja na Pemba, watu walilala nje ya nyumba kwa makundi, na simulizi nyingi za waliosema wamevamiwa zilikuwa na alama zilezile: usiku, kitandani, mwili kukazwa, uzito kifuani. Wapo watafiti wanaozihusisha simulizi hizo na jinamizi. Sisemi hivyo kumdharau aliyepatwa. Hofu yake ni ya kweli kabisa, na mtu anayelala akiwa na hofu hulala vibaya, na akilala vibaya hupatwa tena. Likikutokea, usipambane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu au kwenye ulimi, pumua polepole, na ujiambie linapita. Kulala kwa ubavu badala ya chali hupunguza uwezekano.

Nije kwenye dawa. Hapa ndipo ningependa usome mara mbili.

Propranolol iko katika kundi la dawa za moyo na presha ambalo linajulikana miaka mingi kwa kuleta ndoto kali, ndoto za kutisha na usingizi unaokatika. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia kwenye ubongo kirahisi. Tena dawa za kundi hili hupunguza melatonini, homoni ambayo mwili hutoa usiku kuandaa usingizi. Ulianzishiwa Desemba, ndoto zikaanza mwaka ulipoanza, na unaimeza usiku. Siwezi kuthibitisha kwa maandishi kwamba ndiyo chanzo, lakini ningekuwa daktari uliyemkalia mbele ningeanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Tafadhali usiiache ghafla. Kuikatiza propranolol kwa siku moja kunaweza kuufanya moyo uende mbio na presha ipande, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari kubwa. Rudi kwa aliyekuandikia, umweleze ndoto zilianza lini, na umuulize mambo mawili: je, muda wa kumeza unaweza kusogezwa, na je, kuna dawa nyingine ya kuzuia kipandauso inayokufaa? Katika kundi hilohilo atenolol huingia kwenye ubongo kwa kiasi kidogo zaidi, na nje ya kundi hilo zipo nyingine. Uamuzi ni wake na wako, kwa kuangalia moyo wako, pumu kama unayo, na kama una mpango wa kushika mimba.

Wasomaji wengine wanaoota sana nao waangalie kabati la dawa. Efavirenz, iliyokuwemo katika kidonge cha ARV cha mara moja kwa siku kwa miaka mingi kabla dolutegravir haijachukua nafasi yake, ilisumbua watu wengi kwa ndoto kali, hasa wiki za mwanzo na hasa ikimezwa baada ya chakula chenye mafuta mengi. Mefloquine ya malaria ina sifa hiyo hiyo, na mbaya zaidi. Dawa kadhaa za sonona hubadilisha ndoto, zikianzwa na zikiachwa. Montelukast ya pumu na mzio iliwekewa onyo kali nchini Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya athari zake kwenye akili, ndoto mbaya zikiwemo; wazazi wa watoto wanaoitumia walijue hilo. Pombe na bangi huzuia REM. Mlevi hulala kama gogo mwanzoni, halafu pombe ikiisha mwilini usiku wa manane ubongo unalipiza REM iliyokosekana, na anayeacha bangi baada ya kuitumia muda mrefu huota kwa wiki kadhaa ndoto ambazo hajawahi kuziona. Zitapungua. Asirudie bangi kwa ajili yake.

Nakuja kwa mumeo, maana naona hilo ndilo linalokuuma kuliko uchovu.

Vipimo vya picha za ubongo, vilivyoanza kutolewa na kina Pierre Maquet wa Ubelgiji mwaka 1996, vilionyesha kwamba wakati wa REM sehemu inayoshughulika na hofu na hisia kali, amigdala, hufanya kazi kwa nguvu, ilhali maeneo ya mbele ya ubongo yanayopima mambo na kuhoji yanapungua kasi. Ndiyo maana ndani ya ndoto hukumwuliza harusi hiyo ilifanyika lini, wapi, na nani aliyeozesha. Uliona, ukaumia. Maumivu yenyewe ni ya kweli. Mwili ulitoa homoni zake, moyo ulidunda. Ukiamka ghafla kutoka hapo, hisia inabaki mwilini wakati kisa kimeshaondoka, na akili inatafuta mtu wa kumbebesha. Mumeo yuko pembeni.

Ndoto ya namna hii haitoi habari za mumeo. Inachoweza kuonyesha ni yale yanayokuhangaisha wewe. Rosalind Cartwright, mtafiti wa Chicago, alifuatilia watu waliokuwa wakiachana na wenzi wao huku wana sonona, na akaona kwamba waliowaota wenzi wao hao kwa visa vyenye hisia walielekea kupata nafuu zaidi kuliko wasiowaota. Ubongo hulifanyia kazi usiku lile linalouma. Kama kuna hofu ya kuachwa, au kama wewe na mumeo hamjapata nafasi ya kukaa pamoja tangu mtoto azaliwe, hilo ni jambo la kuzungumza mkiwa macho, lakini ndoto isitumike kama ushahidi.

Mama mkwe asikusumbue moyo. Kusomewa Kurani hakutakudhuru, na mtu akitulia moyo hulala vizuri zaidi. Nitamwomba tu akumbuke kwamba katika mafundisho hayohayo ndoto zimetajwa kuwa za aina tatu, na moja ni ile inayotokana na yale ambayo mtu anajisemesha nayo mwenyewe. Hivyo kwenda kwa daktari hakupingani na anachokiamini. Ninachokataa ni kulipa pesa kwa anayedai kuna mtu amekutupia kitu, akakutajia jirani au wifi. Familia nyingi zimevunjika kwa njia hiyo, na anayeota bado akaendelea kuota.

Sasa la kufanya. Kwa wiki tatu zijazo, ingia kitandani saa tatu na nusu usiku. Najua madaftari ya kusahihisha yanakungoja, lakini yape muda kabla ya chakula cha usiku. Ukilala saa hiyo, mpaka saa kumi na moja una saa saba na nusu. Baada ya alfajiri usirudi kitandani siku za kazi. Washa taa, fungua dirisha, anza siku. Ukifanya hili bila kusogeza saa ya kulala utazidi kuchoka, kwa hiyo mambo haya mawili yaende pamoja. Chai ya rangi ya jioni iwe kabla ya saa kumi alasiri, kwani nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kuinywa. Mtoto wa miaka miwili mwenye afya hahitaji kunyonya wala kunywa maziwa usiku. Anachotafuta ni kuhakikishiwa kwamba mpo, na hilo baba anaweza kulifanya vilevile.

Kwa ile ndoto inayojirudia, kuna mbinu ambayo naitegemea sana na haigharimu kitu. Mchana, ukiwa umetulia, iandike ndoto kwa sentensi chache. Kisha ibadilishe utakavyo, popote unapotaka: mwanzo, kati au mwisho. Pengine unaingia kwenye ile harusi na kukuta ni ya binamu yako, na mumeo amekushikia kiti. Haihitaji kuwa na mantiki, ila iwe inakutuliza. Halafu fumba macho, uipitie ndoto mpya akilini kwa dakika kumi hadi ishirini kila siku, na ile ya zamani usiirudie. Barry Krakow na wenzake waliijaribu mbinu hii huko New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliokuwa wamebakwa au kudhulumiwa kingono na kuishi na ndoto za kutisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na waliofundishwa walipungukiwa ndoto hizo na wakalala vizuri zaidi kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Hulazimiki kumsimulia mtu yeyote ile ndoto mbaya, jambo ambalo najua linapendekezwa pia katika dini yako.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, hapana. Ningekuambia vinginevyo kama ndoto zingekuwa zinarudia tukio baya lililokupata kweli, ajali, kipigo au ubakaji, na mchana ukawa unashtuka na kukwepa kila kinachokukumbusha. Hapo unahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na matibabu yapo. Vilevile kama huzuni imekushika wiki kadhaa au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usisubiri ratiba ya wiki tatu, nenda hospitali leo. Anayekoroma sana, akakatika pumzi na kuamka amepaliwa, apimwe tatizo la pumzi usingizini. Na mwanamume aliyevuka miaka 50 anayepiga ngumi, kuruka kitandani au kupiga kelele akitenda anachokiota aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, kwani hali hiyo, iliyoelezwa huko Minnesota mwaka 1986, inaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi. Kwa mtoto anayepiga mayowe saa za mwanzo za usiku kisha asubuhi hakumbuki, mara nyingi ni hofu za usingizi mzito. Usimwamshe, mlinde asijigonge tu. Wengi huacha wakikua.

Mumeo usimweleze habari za mke wa pili aliye ndotoni. Mweleze kwamba unalala saa sita zilizokatwa vipande, na kwamba unamwomba usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi mtoto akilia ainuke yeye. Weka daftari kando ya kitanda, uandike saa uliyolala, saa ulizoamka na kama uliota, basi, hakuna zaidi. Siku ya kliniki nenda nalo pamoja na kifuko cha propranolol.